Gesi Haiishi: Historia Fupi ya Mvujo

Kila mwenye kiyoyozi katika mji huu wa Dar es Salaam amewahi kuambiwa maneno mawili: "Gesi imeisha." Fundi huyatamka akiwa bado juu ya ngazi, pengine kabla hajalegeza hata skrubu moja, na mwenye nyumba, ambaye kwa siku tatu amekuwa akigaragara kitandani kwa joto la Februari, huyapokea kama hukumu isiyo na rufaa. Fedha hutolewa, mtungi huletwa, gesi hujazwa, chumba hupoa. Baada ya miezi michache joto hurudi, na fundi naye hurudi na maneno yaleyale.

Maneno hayo yanastahili kuchunguzwa kama hati ya kihistoria, kwa sababu si ya kweli, na jambo lisilo la kweli likidumu kwa muda mrefu huwa na historia yake. Gesi ya kiyoyozi haiishi. Nadhani jina ndilo lililotuponza. Jikoni tuna mtungi wa gesi inayoungua na kutoweka kila tunapochemsha maharage. Ukutani tuna chombo ambacho nacho husemekana kinatumia gesi. Na sikio halikuona haja ya kutofautisha. Lakini katika kiyoyozi gesi ni hamali tu. Hubeba joto la chumbani, hulitua nje, na kurudi mikono mitupu kubeba jingine. Kompresa iliyo nje huigandamiza hadi ikapata moto. Koili ya nje, ikisaidiwa na feni, hulitupa joto hilo na kuigeuza gesi kuwa kimiminika. Kimiminika hicho hupenyezwa katika njia nyembamba, shinikizo lake hushuka ghafla, kikachemka ndani ya koili ya chumbani, na katika kuchemka kwake kikanyonya joto la chumba. Kisha safari huanza upya. Mabomba yote yamefungwa. Gramu zilizotiwa siku ya kwanza ndizo zinazopaswa kukutwa siku kompresa inapokufa kwa uzee. Zikipungua, zimevuja, na mahali zilipovujia papo.

Basi kwa nini mafundi wetu, ambao wengi wao ni watu hodari na wenye akili nyepesi ya mikono, wamezoea kujaza bila kutafuta tundu? Jibu la barazani ni kwamba ni matapeli. Silikubali. Mazoea haya yana umri wa karibu miaka 100, hayakuzaliwa Kariakoo, na yalijengwa katika maabara na viwanda vikubwa kabisa vya dunia.

Tuanze na jambo ambalo wanafunzi wangu hulishangaa: kiyoyozi cha kwanza cha kisasa hakikutengenezwa kwa ajili ya binadamu. Mwaka 1902 mhandisi kijana, Willis Carrier, alichora mtambo kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji cha Sackett-Wilhelms huko Brooklyn, New York, ambako unyevu wa kiangazi ulizifanya karatasi zitanuke na kunywea, hata rangi iliyochapwa leo ikakataa kukaa sawasawa juu ya rangi iliyochapwa jana. Karatasi ndiyo iliyohitaji starehe. Watu walifuata baadaye, katika majumba ya sinema na maduka makubwa, na vyumba vyao vya kulala vikaja mwisho kabisa.

Miongoni mwa mambo yaliyochelewesha ubaridi kuingia majumbani ni mvujo. Gesi zilizotumika katika majokofu ya awali zilikuwa amonia, salfa dioksaidi na methili kloraidi, na zote tatu ni sumu. Mbili za kwanza zina harufu kali ya kumwamsha mtu na kumkimbiza. Ya tatu harufu yake ni hafifu, nayo ilipata kuua watu ndani ya nyumba zao. Inasimuliwa kwamba mwaka 1926 Albert Einstein alisoma gazetini habari za familia moja ya Berlin iliyoangamia usiku kwa gesi iliyovuja kutoka katika jokofu. Yeye na mwanafizikia kijana kutoka Hungaria, Leo Szilard, wakaanza kubuni jokofu lisilo na kipande chochote kinachosogea, kwa hoja kwamba gesi hupenyea penye mhimili unaozunguka na mpira unaochakaa. Ondoa vinavyosogea, na mvujo utakosa mlango. Walipewa hataza ya Marekani mwaka 1930. Jokofu lao halikufika sokoni, lakini naomba msomaji aishike njia yao ya kufikiri: tatizo waliliona katika tundu.

Wakati huohuo, huko Dayton, Ohio, kampuni ya General Motors, iliyokuwa ikimiliki majokofu ya Frigidaire, ilimpa kazi hiyohiyo Thomas Midgley. Huyu ndiye aliyekwisha kuipatia dunia petroli yenye madini ya risasi, na kwa mtu mmoja hiyo peke yake ingalitosha. Mwaka 1928 yeye na wenzake walikuja na gesi mpya, ambayo haikulipuka, haikuunguza, haikuwa na sumu ya kuogopwa wala harufu ya kusumbua. Aprili 1930, mbele ya mkutano wa wanakemia wa Marekani, Midgley aliivuta gesi hiyo kifuani mwake, kisha akaipuliza juu ya mshumaa uliokuwa ukiwaka. Mshumaa ukazimika, naye akabaki mzima. General Motors na DuPont wakaiuza kwa jina la Freon. Ndugu zake walifuata, akiwamo yule ambaye mafundi wetu wanamwita R-22, aliyetawala viyoyozi vya majumbani kwa miongo mingi.

Hapo ndipo ninapoweka chimbuko la "gesi imeisha". Einstein na Szilard walitaka kuziba tundu. Midgley aliliacha tundu mahali pake na kubadilisha kinachotokea humo, kiasi kwamba hakuna aliyejali tena. Kabla ya 1930, mvujo ulikuwa msiba: watu walikohoa, walikimbia, walikufa. Baada ya 1930, mvujo ukawa gharama ndogo: chombo kilipoza kidogo kuliko jana, fundi akaitwa, akaongeza. Gesi ilikuwa rahisi, saa za fundi zilikuwa ghali, na hewa ilikuwa ya wote na kwa hiyo si ya mtu. Hata nchini Marekani kwenyewe, fundi alipotaka kufungua mtambo aliweza kuiachia gesi yote hewani bila kuvunja sheria ya taifa, hadi Julai 1992. Anayemcheka fundi wa Tandika kwa kuifyatua gesi angani anamcheka mwanafunzi na kumwacha mwalimu.

Ilichukua miaka 40 mtu kuuliza gesi iliyovuja inakwenda wapi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mwingereza James Lovelock alipima hewa juu ya bahari ya Atlantiki kwa chombo alichokibuni mwenyewe, akaikuta gesi ya viyoyozi na makopo ya manukato hata mahali ambapo hapakuwa na jokofu kwa maelfu ya kilomita. Kiasi alichokikuta kilikaribiana na kiasi chote kilichopata kutengenezwa. Maana yake ni nzito: karibu kila kilichovuja tangu enzi za Midgley kilikuwa kingali juu, kinaelea. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland wakaonyesha kinachofuata. Gesi hupanda polepole hadi juu sana, miale ya jua huivunja, klorini iliyomo hujitenga, na klorini hiyo hulitafuna tabaka la ozoni linalotukinga na miale ya urujuanimno. Makampuni yalibisha kwa zaidi ya miaka 10. Kisha, mwaka 1985, Joseph Farman na wenzake wawili wakatangaza kwamba kila majira ya kuchipua ozoni ya juu ya Antaktika ilikuwa ikipungua kwa kiasi ambacho hakuna aliyekitabiri. Tundu dogo lililopuuzwa nyuma ya jokofu lilikuwa limefungua tundu jingine angani.

Kutoka hapa historia hii inakuwa ya kwetu kuliko tunavyoifundisha. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1985 na Itifaki ya Montreal ya Septemba 16, 1987 vilisukumwa kwa kiasi kikubwa na Mmisri, Mostafa Tolba, aliyekuwa akiliongoza Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa kutoka Nairobi. Sekretarieti ya mikataba hiyo iko Nairobi hadi leo. Na mkutano wa London wa mwaka 1990 ulianzisha mfuko maalumu wa kuzisaidia nchi zinazoendelea, baada ya India na China kusema wazi kwamba hazitalipia peke yao kosa la wengine. Tanzania ilijiunga mwaka 1993, na baadaye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake zikaweka masharti juu ya uingizaji wa gesi hizo. Kufikia mwanzo wa mwaka 2010 kizazi cha kwanza cha gesi, kile cha Midgley, kilikuwa kimeondolewa katika biashara halali ya dunia isipokuwa kwa mahitaji machache. Ozoni inapona. Hilo ni tendo kubwa, na sisemi yatakayofuata ili kulidharau.

Ila nawaomba watumishi wa umma wanaosoma hapa wautazame kwa makini msamiati wa itifaki hiyo. Ndani yake neno "matumizi" halina maana tuliyoizoea. Matumizi ya nchi ni kile inachozalisha, ukiongeza inachoagiza, ukitoa inachouza nje. Nchi kama yetu haizalishi gesi hizi, hivyo matumizi yetu ni kile kinachopita bandarini na mipakani. Kikishapita kimekwisha kuhesabiwa. Kikidumu salama ndani ya mabomba ya nyumba moja Sinza kwa miaka 15, au kikivuja chote kabla ya sikukuu ya Idi, daftari halibadiliki. Ulikuwa uamuzi wa busara kisiasa, maana ni rahisi kusimamia viwanda vichache na bandari kadhaa kuliko kumfuata kila fundi ukutani. Lakini matokeo yake ni kwamba mkataba uliozaliwa kwa sababu ya mvujo hauuhesabu mvujo. Unahesabu mitungi. Na mkono unaoamua kama mtungi mwingine utahitajika mwakani hauonekani katika jedwali lolote linalopelekwa Nairobi.

Mkono huo ni wa nani, na ulifikaje pale? Pwani yetu ilikuwa na elimu yake ya kupambana na joto. Mji Mkongwe wa Unguja una kuta nene za mawe ya matumbawe, vyumba vyembamba vilivyopimwa kwa urefu wa boriti za mikoko, dari za juu, na ua wa ndani ambamo hewa ya moto hupanda ikatoka. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 wakati wa Sultani Barghash, ilizungukwa na veranda pana. Hata baada ya uhuru elimu hiyo haikufa: soko la Kariakoo alilolibuni Beda Amuli katika miaka ya 1970 lilifunikwa kwa miavuli ya zege iliyokusanya maji ya mvua na kuacha upepo upite. Majengo hayo yalitegemea kaskazi na kusi, na hayakuhitaji fundi wa gesi.

Viyoyozi vilikuwapo, katika mahoteli, balozi na baadhi ya ofisi, lakini zama za ujamaa hazikuwa zama za kuagiza anasa kutoka ng'ambo. Milango ilianza kulegezwa mwaka 1984, ikafunguliwa zaidi chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, ambaye watu walimwita Mzee Ruksa. Bidhaa zikaingia, zikiwamo mpya za Dubai na zilizotumika za Ulaya. Kisha nyumba zenyewe zikabadilika. Dari zikashuka, madirisha ya mbao na nyavu yakawapisha ya alumini na vioo, ua ukamezwa na chumba cha ziada cha kupangisha. Siku hizi tunajenga nyumba ambazo bila kiyoyozi ni tanuri. Ndiyo maana mwenye nyumba husadiki lolote analoambiwa na mtu aliye juu ya ngazi. Hana upepo wa kukimbilia.

Fundi naye alijifunza kama mafundi wengi wa mji huu wanavyojifunza, kwa kumshikia spana fundi mkubwa. Alirithi geji yenye mipira miwili au mitatu, mtungi, na maneno ya mkubwa wake. Pampu ya kuvuta hewa, mtungi wa naitrojeni na mizani hakuvirithi kwa sababu mkubwa wake hakuwa navyo, na hakuwa navyo kwa sababu ni ghali na havionekani vikifanya kazi. Mwenye nyumba hulipia anachokiona. Mtungi anauona. Saa tatu za kupaka povu la sabuni kwenye kila kiungo haziitwi kazi. Huitwa kupoteza muda. Nimewahi kumsikia jirani yangu akimwambia kijana aliyekuwa akitafuta mvujo, "Mdogo wangu, wewe jaza tu, hayo mengine tutayaona." Soko limemfundisha fundi kuuza gesi, kwa kuwa hakuna anayenunua uchunguzi.

Mwaka jana nilipata nafasi ya kuuona uchunguzi ukifanywa sawasawa, nyumbani kwangu. Kiyoyozi cha chumba cha mama yangu mzazi, ambaye shinikizo lake la damu halivumilii joto, kilikuwa kimejazwa gesi mara mbili na mafundi wawili tofauti ndani ya miezi 7. Wa tatu alikuwa kijana wa makamo aliyekuja na mfuko wa turubai bila mtungi. Aliniamkia, akamwamkia mama, kisha akasema, "Mwalimu, naomba tukiwashe, halafu tusikiguse kwa robo saa."

Katika robo saa hiyo alifanya mambo ambayo kila mwenye nyumba anaweza kuyafanya au angalau kuyadai. Alitoa kichujio cha ndani akakitazama kwenye mwanga, maana kichujio kilichoziba kwa vumbi huzuia hewa na kuzaa barafu, na barafu hiyo huchukuliwa kuwa dalili ya upungufu wa gesi. Kilikuwa safi. Alitoka nje akasikiliza. Kompresa inayovuma bila kuanza, akanieleza, mara nyingi haina ugonjwa wowote. Kilichokufa ni kapasita, kijikopo kidogo kinachoipa msukumo wa kuanza, na mgao wa umeme na kurudi kwake kwa kishindo huviua vijikopo hivyo kila siku. Mama wa watu huambiwa anunue kompresa mpya kwa sababu ya kifaa cha bei ya nauli ya kwenda mkoani. Alizima umeme, akaitoa chaji iliyobaki katika kapasita kabla ya kuigusa, akaipima: kwenye bati iliandikwa 35, kipimo kikasoma 34. Nzima. Feni ya nje nzima, koili si chafu sana ingawa chumvi ya bahari ilikwisha kuanza kuyala mapezi yake ya alumini.

Kisha akarudi kwenye mabomba. Bomba jembamba lilikuwa na utando wa barafu, bomba nene halikuwa na ubaridi wa kutosha, na umeme uliovutwa na kompresa ulikuwa chini ya ulioandikwa kwenye bati. Hapo tu ndipo aliposema gesi ni pungufu, na katika pumzi hiyohiyo akasema, "Sasa tuitafute ilikotokea." Hakuanza na povu. Alianza na macho, kwa tochi. Ndani ya mabomba, pamoja na gesi, husafiri mafuta kidogo ya kulainishia kompresa. Panapovuja gesi mafuta huachwa nyuma, vumbi likanata juu yake. Nyuma ya boksi la nje, kwenye nati ya bomba nene, palikuwa na doa jeusi la ukubwa wa senti. Akapaka povu. Mapovu madogo yakaanza kuota, taratibu, mfano wa chungu anayekaribia kuchemka.

Nati ilikuwa imekazwa kupita kiasi siku ya kufungwa, na mdomo wa bomba la shaba uliotanuliwa ili kuikumbatia ulikuwa umepasuka ufa mwembamba kama unywele. Aliikusanya gesi iliyobaki katika mtungi wake mtupu badala ya kuifyatua. Alikata mdomo ule, akatanua mwingine, akakaza kwa spana yenye kipimo. Alijaza naitrojeni kavu, akaandika shinikizo kwenye kiganja chake kwa kalamu, tukanywa chai, tukala chapati, akarudi akalisoma tena. Halikushuka. Aliwasha pampu akavuta hewa na unyevu wote, kwa kuwa unyevu ukichanganyika na mafuta huzaa tindikali inayoila kompresa polepole. Kisha akaweka mtungi wa gesi juu ya mizani, akautia gesi ikiwa katika hali ya kimiminika, gramu kwa gramu, hadi ikafikia ilivyoandikwa kwenye bati. Nilipomuuliza kwa nini asitie gesi tu hadi geji iseme inatosha, alinijibu kwamba hii ya kwangu, R-410A, ni mchanganyiko wa gesi mbili, na ikitolewa vibaya mtungini mchanganyiko hubadilika. Malipo yake yalizidi kidogo yale ya ujazaji mmoja. Tangu siku hiyo hakijaguswa.

Hiyo R-410A inanirudisha kwenye historia. Ilipobainika kwamba klorini ndiyo mkosaji, wanakemia walitengeneza kizazi cha gesi zisizo na klorini, na ozoni ikasalimika. Lakini hatua ilikuwa ileile ya Midgley: gesi ilibadilishwa, tundu likaachwa. Na safari hii kasoro ilikuwa nyingine. Kilo moja ya R-410A ikivuja, katika kipindi cha miaka 100 huipasha dunia joto sawa na takriban kilo 2,000 za hewa ya ukaa. R-22 ya zamani inakaribia 1,800. Ujazaji "mdogo" wa gramu mia chache unaofanywa bila kuziba ni mamia ya kilo za hewa ya ukaa, kwa ajili ya ubaridi wa msimu mmoja, katika nchi ambayo haikulisababisha joto la dunia lakini inaishi ndani yake.

Ndiyo sababu wajumbe wa nchi karibu 200 walikesha Kigali usiku wa kuamkia Oktoba 15, 2016, hadi alfajiri, wakakubaliana kuzipunguza gesi hizi pia. Yakitekelezwa, Marekebisho ya Kigali yanakadiriwa kuepusha hadi nusu ya nyuzi joto kufikia mwisho wa karne hii. Nchi zetu za Afrika Mashariki ziko katika kundi lililotakiwa kusimamisha ongezeko la matumizi mwaka 2024, kupunguza asilimia 10 mwaka 2029, kisha asilimia 30 mwaka 2035, na kufikia asilimia 80 mwaka 2045. Matumizi hayo ni yaleyale ya daftari la bandari. Mitungi itapungua, bei itapanda, na kila tundu lisilozibwa litaendelea kudai sehemu yake kwanza, kabla ya jokofu jipya la chanjo katika zahanati.

Na kuna jambo la haraka kuliko hilo. Gesi zinazoingia sasa kuchukua nafasi si zile za kuzimia mishumaa. R-32, ambayo imekwisha kujaa katika maduka yetu, inaweza kushika moto, ingawa kwa shida. R-290 ni propani halisi, ndugu wa gesi ya jikoni. Madhara yake kwa hali ya hewa ni madogo mno, lakini ikivuja chumbani na ikakuta cheche italipuka. Tumerudi Berlin ya mwaka 1926, ambako mvujo ni suala la uhai wa waliolala. Fundi aliyerithi desturi ya kuongeza bila kutafuta, na ya kuchomelea bomba huku gesi ingalimo ndani, hatakuwa tena mtu wa kuchafua hewa ya mbali tu. Yeye ndiye atakayeungua kwanza. Mafunzo yamekuwapo, nami nimekutana na waliopitia, akiwamo yule aliyemtibia mama kiyoyozi chake. Ila ni wachache mno kwa mji unaokua hivi, na wanarudi katika soko lisilowalipa kwa walichofundishwa.

Soko hilo lina mnunuzi mmoja mkubwa kuliko wote, na ni Serikali. Niliwahi kuonyeshwa jedwali la matengenezo la ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja. Lilikuwa na safu ya "kujaza gesi" kwa kila kiyoyozi, mara moja kila robo mwaka. Halikuwa na safu ya kutafuta mvujo. Aliyeliandika hakuwa mwizi. Alinakili jedwali la mwaka uliotangulia. Lakini maana yake ni kwamba bajeti ya umma imekwisha kukubali kuwa mitambo yake yote inavuja, na imemwahidi mkandarasi malipo kwa sharti kwamba iendelee kuvuja.

Kubadilisha jedwali hilo hakuhitaji mkutano wa nchi 200. Afisa manunuzi anaweza kuifuta safu ile na kuandika kifungu kimoja: gesi haitalipiwa isipokuwa fundi ameandika mvujo ulipatikana wapi, ulizibwaje, naitrojeni ilishika shinikizo gani kwa muda gani, na zilitiwa gramu ngapi, karatasi hiyo isainiwe na kubandikwa ndani ya kifuniko cha boksi la nje, ili fundi atakayekuja baada yake aikute.